FEDHA YA MTU ALIYEPUNGUZWA KAZINI ISILIWE KWA HILA

Ndugu Wafanyi Kazi,

Wengi wetu hatujui jambo hili: mtu akipunguzwa kazini, je, fedha aliyo nayo mahali pengine yaweza kumzuia kupata haki yake?

Kwanza tutenge mambo mawili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 35, yataja malipo ya utumishi kwa mtu ambaye mkataba wake umevunjwa kwa notisi. Malipo hayo hawapati wale walio katika N.S.S.F. au mfuko wa pensheni. Hapo fedha moja yafunga njia ya nyingine.

Lakini kifungu cha 40 ni habari mbali. Kazi ikipungua, na kosa si la mfanyi kazi, tajiri sharti amlipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Hakuna neno hapo la kumnyima mwanachama wa N.S.S.F. Mtu wa miaka 10 mwenye mshahara wa Shs. 30,000 kwa mwezi, tukihesabu mwezi siku 30, ana Shs. 150,000 zake. Tena apewe notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, na fedha ya livu iliyobaki. Basi ukiambiwa, "Wewe una N.S.S.F., huna kitu," usitie sahihi. Njoo ofisi ya Chama kwanza.

Hata hivyo fedha hiyo hulipwa mara moja, nayo huisha, na watoto bado wanakula. Kenya hatuna mfuko wa kumlipa mtu kila mwezi akiwa hana kazi. Jirani zetu wa Tanzania waliweka fao la kukosa ajira katika sheria ya mwaka 2018. Chama chetu nacho kidai mfuko. Lakini tusidai jina la mfuko tu. Tutazame na masharti yake.

Uingereza mwaka 1931 watu waliokaa bila kazi muda mrefu walipimwa kwa mapato ya nyumba nzima. Mshahara wa kijana ulihesabiwa, na akiba ya baba pia, kisha msaada ukakatwa. Vijana wengine walihama nyumbani ili wazazi wasinyimwe. Sharti la nyumba nzima liliondolewa mwaka 1941. Siku hizi huko, katika msaada uitwao Universal Credit, mtu akipata kibarua hupunguziwa pensi 55 kwa kila pauni, hakatwi yote mara moja. Ingawa pato la mke au mume bado huhesabiwa.

Maoni yangu ni haya. Kibarua cha siku mbili kipunguze malipo kidogo kidogo, kisiyafute. Kibanda cha mke, mshahara wa mtoto na mahindi ya shamba visiguswe. Wala malipo ya kifungu cha 40 yasihesabiwe kuwa mshahara, maana ni deni la kazi iliyokwisha kufanywa.

Watu watauliza, je, mwenye kazi kamili anayejificha ili alipwe? Huyo aondolewe, kwa kuwa anawaibia wenzake waliochanga. Lakini kwa ajili ya mwizi mmoja tusiwafungie mlango watu mia wanaohangaika.

Wajumbe wa matawi, lizungumzeni neno hili katika mkutano ujao.

Umoja ni Nguvu.

Mfanyi Kazi wa Reli