Mbwa akipata saratani: tumtibu, tumwache au tumuue?

Katika vijiji vinavyozunguka Nyarugusu, na kote kati ya Kasulu na Kibondo, mbwa ni mlinzi. Hulala nje, hubweka mtu akisogelea banda la mbuzi, na mahindi yakikomaa hufukuza nyani na ngedere shambani. Mlinzi huyo akianza kudondosha damu sehemu za siri, na uvimbe mwekundu ukajitokeza, mwenye mbwa hubaki na maswali matatu: nimtibu, nimwache, au nimuue?

Mara nyingi anaamua peke yake, tena kabla hajajua mbwa anaumwa nini. Akisikia neno "saratani" hukata tamaa, kwa sababu sote tunajua saratani inavyotesa watu na inavyomaliza pesa. Lakini saratani za mbwa haziko sawa, na moja kati ya zile zinazoonekana sana kwa mbwa wanaozurura inatibika kwa urahisi kuliko wengi wanavyodhani.

Saratani inayohama kutoka mbwa hadi mbwa

Kwa kawaida saratani haiambukizi. Chembe za mwili wa mgonjwa huharibika na kuzaliana ovyo, na akifa, nazo hufa naye. Hii tunayoizungumzia ni tofauti. Mbwa wanapopandana, chembe zenyewe za saratani hutoka kwa mmoja na kuota kwa mwingine, kama pingili ya muhogo inavyokatwa shamba hili na kupandwa lile. Wakati mwingine hupita kwa kunusana na kulambana, ndiyo maana uvimbe huweza kuota puani au mdomoni.

Daktari wa wanyama wa London, Delabere Blaine, aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1810, lakini wenyewe ni wa kale zaidi. Watafiti waliochunguza uvimbe wa mbwa 546 kutoka nchi mbalimbali walieleza mwaka 2019 kwamba uvimbe wote huo una asili moja: mbwa mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Yeye alikufa zamani, lakini chembe za saratani yake bado zinatembea duniani.

Dalili ni hizi: damu inayodondoka kidogo kidogo kwa wiki nyingi, mbwa kujilamba mara kwa mara, na uvimbe mwekundu wenye vinundu kama koliflawa unaotoa damu ukiguswa. Kwa jike, watu hudhani ni joto la kawaida. Joto hupita baada ya wiki chache. Damu isipokoma, mchunguze. Ugonjwa huu hauhamii kwa binadamu, na hautokani na laana wala kurogwa.

Dawa ipo, lakini si ya kujaribu nyumbani

Dawa yake inaitwa vinkristini. Huchomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki. Mbwa wengi huhitaji sindano 3 hadi 6, wengine zaidi kidogo, na walio wengi hupona kabisa. Katika saratani, hayo ni matokeo mazuri sana. Kukata uvimbe kwa kisu peke yake hakutoshi, kwa kuwa mara nyingi huota tena.

Dawa hii imetokana na ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lenye asili ya Madagaska, ambalo siku hizi hupandwa kama pambo katika nchi nyingi. Imekuwa ikitumika hospitalini tangu miaka ya 1960. Ndiyo hiyo hiyo wanayopewa watoto wenye saratani ya damu, na wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akifanya kazi Uganda. Hata hivyo, usichemshe majani ya ua hilo ukampa mbwa wala mtu. Mmea huo una sumu, na dawa iliyomo ni kidogo mno hata kiwandani huhitajika majani mengi sana kupata kiasi kidogo.

Sindano yenyewe pia ni ya hatari. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Hupunguza kinga ya mwili, na mbwa anaweza kutapika au kukataa chakula kwa siku kadhaa. Kwa siku chache baada ya sindano, mkojo na kinyesi chake huwa na mabaki ya dawa: visafishwe kwa glavu, na watoto na wajawazito wakae mbali. Kwa hiyo kazi hii ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Jirani mwenye bomba la sindano hafai hapa, hata kama ana mkono mzuri wa kuchoma ng'ombe.

Pesa ya mbwa na pesa ya nyumba

Hapa ndipo uamuzi unapouma. Nyumba ina ada ya shule, ina mbolea ya msimu, pengine ina mgonjwa anayesubiri nauli ya kwenda Bugando, Mwanza. Hakuna wa kumlaumu mtu anayemtanguliza mtoto wake. Lakini hesabu ifanywe yote. Mbwa mzoefu anayelinda mbuzi kumi ana thamani, na kumlea mtoto wa mbwa hadi awe mlinzi huchukua mwaka au zaidi.

Kabla ya kuamua, muulize afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa halmashauri mambo manne.

La kwanza, je, kuna uhakika ni saratani ya kuambukiza? Daktari huchukua chembe kidogo za uvimbe, akazipaka kwenye kioo na kuziangalia kwa hadubini. Si kila uvimbe ni huu. Uvimbe wa matiti kwa jike, kwa mfano, ni ugonjwa mwingine, na tiba yake kubwa ni upasuaji.

La pili, gharama yote ni kiasi gani, tangu sindano ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na nauli ya daktari? Usiulize bei ya sindano moja tu. Dozi ikikatishwa kwa kukosa pesa, uvimbe unaweza kurudi, na pesa ya mwanzo imepotea.

La tatu, je, dawa inapatikana kila wiki, au itabidi iagizwe mbali?

La nne, mbwa ana hali gani? Kijana anayekula vizuri hawezi kufananishwa na mzee aliyekonda ambaye uvimbe umeshasambaa.

Kumwacha si kutofanya lolote

Wapo watakaopiga hesabu na kuona hawawezi. Hiyo si aibu. Ila kumwacha azurure huku akivuja damu ni kuueneza ugonjwa kijiji kizima, maana mbwa hana mpaka wa kitongoji. Afungwe au awekwe uani, asipandane, apewe maji na chakula, na asiachwe afikie kuoza akiwa hai.

Akifikia hatua ya kushindwa kula au kukojoa, kumuua ni huruma. Namna ya kumuua, hata hivyo, ina uzito. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Rungu au sumu kwenye nyama si njia, na sumu inaweza kuua mbwa wa jirani au kumdhuru mtoto. Mwiteni mtaalamu wa mifugo amalize kazi hiyo bila mateso.

Mbwa mmoja akipona, kijiji je?

Tuseme umelipa, mbwa amepona. Akirudi kuzurura na jike wa jirani mwenye ugonjwa, anaweza kuupata tena. Ndiyo maana tunasema uamuzi huu si wa mwenye mbwa peke yake.

Kwa mbwa wengi wa vijijini, huduma pekee ya mifugo wanayoiona ni siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo ni lazima iendelee, kwa kuwa kichaa cha mbwa huua watu, na dunia imejiwekea lengo kwamba kufikia 2030 asife mtu kwa ugonjwa huo unaoletwa na mbwa. Lakini siku hiyo mbwa wa kijiji wamekusanyika, mtaalamu yupo, na kila mmoja ameshikwa na mwenyewe. Kumkagua mbwa sehemu za siri huchukua dakika moja. Wenye uvimbe wangeandikwa, na wenye mbwa wakachangia nauli ya daktari mmoja atibu kadhaa kwa siku moja badala ya kila mtu kumwita peke yake. Hapo hapo wangepanga siku ya kuhasi madume na majike wasiohitajika kuzaa.

Uingereza ugonjwa huu ulikuwepo karne ya 19. Ulitoweka baada ya mbwa kudhibitiwa wasizurure, na leo ukionekana huko kwa kawaida ni kwa mbwa aliyetoka nje ya nchi. Kwetu hatuwezi kufunga kila mbwa, maana mlinzi aliyefungwa mbali na zizi halindi. Kuhasi na kukagua tunaweza, na ni mambo ya kuyapeleka kwenye mkutano wa kijiji kabla ya siku ya chanjo.

Leo jioni, mbwa wako akija kula, mtazame. Ukiona damu au uvimbe, vaa glavu kabla ya kumgusa, mfunge mdomo kwa kitambaa asikuume, kisha mpigie afisa mifugo wa kata yako. Uvimbe ukiwa mdogo, bado una nafasi ya kuchagua.