Balungi la Futari na Vidonge vya Mama



Dada mmoja ametuandikia kuwa mamake hutumia vidonge vya kupunguza kolesteroli, naye huvimeza baada ya futari kwa bilauri ya maji ya balungi. Tangu kumi la pili analalamika maumivu ya mapaja na mabega. Je, ni uzee, au ni kusimama sana katika tarawehe?

Huenda, lakini mimi ningelitazama balungi kwanza. Katika ukuta wa utumbo mna kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya dawa kabla haijaingia damuni. Balungi hukizima, na athari yake hupita siku moja. Kwa hivyo kunywa maji yake wakati wa daku na kumeza kidonge usiku si hila ya kutosha. Dawa huingia kwa wingi kuliko alivyokusudia daktari, na misuli ndiyo hulipa. Mara chache huharibika hata figo zikadhurika. Simvastatini na lovastatini huathirika zaidi, atorvastatini kwa kiasi. Rosuvastatini haiguswi. Danzi nalo lina tabia hiyo hiyo ya balungi, ilhali chungwa letu tamu halina neno.

Ama chakula chenyewe, dawa hizi hazilingani. Lovastatini humezwa pamoja na chakula cha jioni, kwani tumbo tupu huipokea pungufu kwa thuluthi hivi. Simvastatini haijali chakula, ila humezwa jioni, kwa kuwa ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Atorvastatini na rosuvastatini zafaa kwa futari au kwa daku, mradi ziwe na wakati wake maalumu. Lakini anayemeza rosuvastatini, kisha biriani ikamletea kiungulia (na nani asiyeijua hali hiyo!), asikimbilie dawa ya kiungulia yenye aluminiamu na magnesiamu. Zikimezwa pamoja, rosuvastatini hupungua kwa karibu nusu. Angoje saa mbili.

Dada yangu, balungi mama aliache leo. Vidonge asiviache kwa shauri la jirani. Soma kwenye pakiti lile jina dogo lililo chini ya jina la biashara, kisha mpeleke kwa daktari wiki hii, na habari ya balungi msiifiche. Ukiona mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, mpeleke usiku huo huo.