Jenereta Halikualikwa, Lakini Pilau Linakula!

Nina dukuduku moja, na leo nimeona nikumwagie hapa hapa. Dukuduku lenyewe ni jenereta. Usicheke! Najua wewe ulitegemea mambo ya mahaba, lakini subiri, hili nalo linagusa mfuko wako.

Kuna jengo moja la halmashauri, jina nalihifadhi. Ghorofa nne, vioo vinang'aa, juu ofisi, chini fremu za biashara ambazo vijana kibao wameshaziombea. Limebakiza wiki chache kukabidhiwa, mjumbe mmoja kikaoni akauliza swali la uchokozi: "Umeme ukikatika, lifti itapanda na nini?" Kimya! Kwenye mchoro jenereta halimo. Kwenye bajeti ndiyo kabisa, halijulikani. Mshkaji wangu aliyekuwemo ndiye aliyenipa mkanda mzima, na anasema kasheshe lilianzia pale: hela itoke wapi?

Kama umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi, unalijua hili. Michango imefungwa, ukumbi umelipiwa, MC kashachukua chake, halafu Ijumaa usiku mjomba anakohoa na kuuliza, "Jenereta je, wanangu?" Hapo hakuna senti inayoongezeka. Kinachofuata ni kukata: kreti za soda zinapungua, mpiga picha anaambiwa aje peke yake. Basi, harusi ni usiku mmoja tu. Jengo la manispaa wajukuu zetu watalikuta.

Sasa hebu tuangalie milango inayogongwa. Wa kwanza ni fungu la dharura, ile akiba ndogo inayowekwa kwenye mkataba wa ujenzi. Fungu lile ni la mambo yasiyoonekana mapema, kwa mfano fundi anachimba msingi anakutana na mwamba. Lakini kukatika kwa umeme Tanzania ni dharura kweli? Mgawo ulitutembelea 1992, ukarudi 1994, ukaja 2006, ukaja 2011, na 2023 ukabisha hodi tena. Mgeni wa namna hiyo huwezi kusema hukumtarajia!

Utaniambia, siku hizi kuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Sawa, na ni jambo la kujivunia. Ila kuwa na umeme wa kutosha ni kitu kimoja, na kuufikisha kwenye swichi yako ni kitu kingine. Aprili 1, 2024, mitambo ya bwawa hilo ikiwa imeshaanza kuzalisha, gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani.

Mlango wa pili ni kukata kitu kingine ndani ya jengo. Hapa uwe macho, maana haikatwi marumaru ya ofisi ya bosi. Inakatwa njia ya kupita kiti cha magurudumu, au vyoo vya wateja wa chini.

Mlango wa tatu ni mapato ya ndani, yaani ushuru na kodi za fremu unazolipa wewe. Sheria, tangu marekebisho ya 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hiyo si ya kununulia mashine, ijulikane hivyo. Na kile kinachobaki kina foleni yake: taa za mtaani, madawati, mitaro. Jenereta likichomekwa mbele, kuna mwenzake anarudishwa nyuma.

Na kununua ni mwanzo tu. Jenereta la kVA 100 likifanya kazi kwa nguvu zote linakunywa kama lita 20 za dizeli kwa saa. Piga saa nne kwa siku, siku 20 za kazi: lita 1,600. Kwa hesabu rahisi ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni milioni 4.8 kwa mwezi, bado fundi na oili. Kama fungu la mafuta halipo, mashine inageuka pambo la kuanikia nguo za mlinzi.

Mie si mhandisi, lakini fundi umeme mmoja alinifundisha njia ya kistaarabu. Kwanza, wasiulize jenereta gani kubwa. Waulize nini lazima kiwake. Lifti, pampu ya kuzimia moto, taa za ngazi na kompyuta za malipo. Viyoyozi vikae pembeni, na mashine inakuwa ndogo. Pili, kabla mkandarasi hajaondoka, ajenge msingi, kibanda, njia ya nyaya na swichi ya kuhama kutoka TANESCO. Hivyo vina gharama ndogo sasa, ila ukija kubomoa ukuta uliokwisha pakwa rangi utajuta. Tatu, mashine yenyewe na mafuta yake viingie kwenye bajeti ya mwaka unaoanza Julai 1, mchana kweupe, madiwani wakiona.

Na wewe usikae kijiweni ukilalama. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Nenda kasikilize, ukimpata diwani wako nje muulize kwa heshima zote: "Mheshimiwa, hili jenereta linatoka kifungu gani, na nani anapisha?" Akishindwa kujibu, basi jua anayepisha ni wewe.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, na umeme ukiwepo!