Kizuri Hakijiuzi

Kuna methali ambayo ningependa ipewe likizo, angalau katika mambo ya muziki: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hurushiwa methali hiyo kila ninapowaomba watu tuchange mafuta, tutoke Nakuru twende Nairobi kuona bendi ya panki. Nikitaja jina la bendi wanakunja uso. Hawajaisikia redioni, hawajaisikia kwenye matatu, basi hukumu inatoka hapo hapo: wangekuwa wazuri wangekuwa wametoboa.

Maneno hayo yanapita kama busara ya watu wazima. Maana yake ni kwamba wimbo mzuri utakutafuta wenyewe hadi kwenye kochi lako, na usipokufikia kosa ni la wimbo. Mimi naona ni uvivu uliovaa kanzu.

Chukua habari za Detroit. Mwaka 1975 ndugu watatu weusi, David, Bobby na Dannis Hackney, walirekodi nyimbo za bendi yao iliyoitwa Death. Gitaa lilikwenda mbio, ngoma zilipigwa kwa hasira, na hiyo ilikuwa kabla magazeti hayajaanza kuwapigia kelele vijana wa London kuwa wamezua jambo jipya. Wakubwa wa biashara ya rekodi waliwataka wabadilishe jina. David akakataa. Mwaka 1976 walitoa singo kwa fedha zao, nakala 500, na mambo yakaishia hapo. David alifariki mwaka 2000. Albamu ilikuja kutoka mwaka 2009, na wachambuzi wakashika vichwa: kumbe panki ilikuwa inapigwa na vijana weusi wa Detroit wakati ule! Sasa mwenye methali yake aniambie, uzuri wa nyimbo hizo ulikuwa wapi kwa miaka 34? Hakuna noti moja iliyoongezwa. Zilikuwa nzuri zikiwa ndani ya boksi, na hazikujiuza hata kidogo.

Utaniambia Marekani ni mbali na bendi moja haivunji kanuni. Haya, twende Manchester, maana kisa cha huko kinahusu hasa watu waliopanda gari na rafiki.

Februari 1976 Howard Devoto na Pete Shelley, wanafunzi wawili wa huko kaskazini mwa Uingereza, walisoma gazetini habari fupi ya bendi iliyoitwa Sex Pistols. Haikuwa na albamu wala singo. Redio haikuwa na cha kupiga. Kwa kipimo chetu cha kutoboa, haikuwa kitu. Wakaazima gari, wakateremka kusini, wakaiona ikipiga usiku mmoja, na kesho yake wakaifuata mji mwingine wakaiona tena. Waliporudi walikodi ukumbi mdogo wa Lesser Free Trade Hall, wakaialika bendi hiyo kwao, tarehe 4 Juni 1976, kiingilio peni 50.

Watu waliokuja walikuwa makumi machache tu. Promota yeyote wa Nairobi angeipiga picha ile safu ya viti vitupu na kutangaza kuwa shoo imefeli. Lakini miongoni mwa waliokuwamo ni Peter Hook na Bernard Sumner, ambao baadaye walikuwa nusu ya Joy Division, na kijana Morrissey aliyekuja kuimba na The Smiths. Wenyeji wenyewe, Devoto na Shelley, walikuwa na bendi yao changa, Buzzcocks, ambayo siku ile haikuwa tayari hata kupanda jukwaani. Sex Pistols waliporudi tarehe 20 Julai, Buzzcocks wakawatangulia jukwaani. Januari 1977 wakatoa rekodi yao, Spiral Scratch, bila kampuni, kwa pauni 500 walizokopa kwa ndugu na marafiki. Sisi tungesema harambee. Rekodi hiyo iliwafunza vijana wengi wa Uingereza kwamba huhitaji kumsubiri tajiri wa London ndipo utoe muziki wako. Na chanzo cha yote hayo ni watu wawili waliokubali kuchoma petroli kwa ajili ya bendi isiyojulikana.

Turudi nyumbani. Nairobi ina Crystal Axis, bendi ya panki inayoimba kuhusu Mfalme Leopold na Kongo, na yenye wimbo unaoitwa Nyayo House. Msomaji Mkenya sihitaji kumweleza Nyayo House ni nini: ni jengo ambamo tunapanga foleni ya pasipoti, na chini yake kuna vyumba ambamo wapinzani wa serikali ya Moi walifungiwa na kuteswa. Mada hiyo utaisikia kwenye kipindi gani cha asubuhi, katikati ya tangazo la unga na mzaha wa watangazaji kuhusu michepuko? Wimbo wa namna hiyo haukosi redio kwa sababu ni mbaya. Unakosa redio kwa sababu redio ina kazi nyingine.

Duma nao, vijana wawili wa Nairobi waliotoka kwenye metali, albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na ikaandikwa sana na wachambuzi wa Ulaya. Hapo ndipo baadhi yetu tulipoanza kusema tunawajua. Hili ndilo linaloniudhi zaidi katika imani hii ya kutoboa: aghalabu tunachosubiri ni mzungu apige makofi kwanza, kisha tuje na simu zetu.

Na wale wanaodhani methali hiyo ndiyo mila yetu, wamkumbuke Siti binti Saad. Mtoto wa Fumba huyu alianza maisha kwa kutembeza vyungu kisiwani Unguja, akinadi kwa sauti ile ile iliyokuja kumpa jina. Mwaka 1928 alipanda chombo hadi Bombay kurekodi santuri. Alijitembeza kwa miguu, akajitembeza kwa bahari. Angefuata methali angezeeka na vyungu vyake.

Nakubali kwamba wapo wabovu. Nimesimama mbele ya bendi ambazo gitaa lilikuwa halijatuniwa na mwimbaji alidhani kupiga kelele ndiko kuwa na hasira. Lakini ubovu huo niliujua kwa masikio yangu, sikuupokea kutoka kwa idadi ya watazamaji wa YouTube. Na usiku wa bendi mbovu ukiwa na rafiki wanne ndani ya gari la kurudi una vicheko vya kutosha hadi mwisho wa mteremko wa bonde. Wengi wanaolia kuwa fedha ni haba nimewaona wakilipa maelfu kumtazama staa wa kigeni akifungua na kufunga mdomo juu ya sauti iliyorekodiwa, wao wakiwa mbali kiasi cha kumwona kwenye skrini tu. Huko hawaulizi kama fedha imekwenda vibaya.

Panki ni muziki wa ukumbi mdogo. Bendi inayopigia watu hamsini inasikia tofauti ya watu watano, mlangoni na jukwaani pia. Watano wakianza kurukaruka mbele, waliokunja mikono nyuma wanasogea. Watu wanagongana mabega kwa nguvu inayomtisha mgeni, lakini ukianguka mikono minne inakuinua kabla hujajua nani kakusukuma. Hili halitoki kwenye spika ya simu, na ndiyo sababu jibu la "nitawasikiliza nyumbani" halinishawishi. Rekodi ya panki ni tangazo tu, bidhaa iko ukumbini.

Kwa hiyo tafuteni gari, changeni mafuta, nendeni watano. Na mkifika lipeni mlangoni kama watu wengine, bila kudai kwamba mpiga besi ni binamu yenu. Bado hajalipia amplifaya aliyoikodi.