Mshauri wa fedha si mpiga ramli

MNAMO Januari 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya Sh160 jijini Nairobi. Maofisini, katika matatu na kwenye mikutano ya vyama vya akiba, gumzo lilikuwa moja tu: shilingi inazama, na mwerevu ni yule atakayegeuza akiba yake kuwa dola kabla mambo hayajaharibika zaidi. Walikuwepo hata wachanganuzi walioaminika ambao walitabiri kwamba mporomoko huo ungeendelea.

Haikuchukua hata miezi mitatu kwa meza kupinduka. Mnamo Februari 2024, serikali iliuza hatifungani ya dola 1.5 bilioni katika soko la kimataifa na kutumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya deni la dola 2 bilioni ambalo lilikuwa liive Juni mwaka huo. Mwezi uo huo, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Kadhalika, ilitoa hatifungani ya miundomsingi yenye riba ya zaidi ya asilimia 18.4 isiyotozwa kodi. Serikali ilikuwa ikitafuta Sh70 bilioni. Wawekezaji waliomba kununua ya zaidi ya Sh288 bilioni, nayo ikachukua karibu Sh241 bilioni. Wageni walileta dola zao ili wapate kununua.

Kufikia mwisho wa Machi, dola ilikuwa imeshuka hadi takriban Sh132. Aliyenunua dola 1,000 kwa Sh160,000 mwezi Januari alijikuta na mali ya Sh132,000. Alipoteza Sh28,000 bila kuibiwa wala kutapeliwa na mtu. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.

Ajabu haikuishia hapo. Juni mwaka huo, vijana walifurika barabarani kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, damu ikamwagika, na Rais William Ruto akalazimika kukataa kuutia saini. Julai, shirika la Moody's liliteremsha daraja la Kenya la uwezo wa kulipa madeni. Kwa mantiki ya kawaida, shilingi ingepaswa kuanguka kifudifudi. Haikuanguka. Ilisalia karibu na Sh130 kwa dola, na ikaendelea kuwa hapo mwaka wote wa 2025.

Funzo la miezi hiyo ni kubwa kwa washauri wa fedha na kwa wananchi wanaowategemea. Katika nyakati za wasiwasi, mteja humwendea mshauri akitaka kuambiwa yatakayotokea kesho. Hilo ndilo swali ambalo mshauri hana jibu lake. Anayejifanya kulijua ni mpiga ramli aliyevaa tai.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Kazi ya mshauri ni kuulinganisha muda wa fedha na muda wa haja ya mteja, ili utabiri ukienda kombo, maisha ya mteja yasiende kombo pamoja nao.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyestaafu katikati ya 2024 akiwa na Sh2 milioni za kiinua mgongo. Wakati huo, dhamana za serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa riba ya karibu asilimia 16 kwa mwaka. Iwapo aliweka fedha zote humo, alitarajia takriban Sh320,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Hesabu hiyo ilipendeza, na hakuna aliyeweza kuilaumu, kwa kuwa serikali ndiyo mdaiwa anayeaminika zaidi nchini.

Hata hivyo, kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kupunguza riba yake, hatua kwa hatua, hadi ikafika asilimia 9.25 mnamo Oktoba 2025. Riba ya dhamana za siku 91 iliporomoka pia, na kufikia katikati ya 2025 ilikuwa imekaribia asilimia 8. Mapato ya mwalimu wetu yalipungua kwa nusu, ilhali bei ya unga, karo za wajukuu na gharama ya dawa za shinikizo la damu hazikupungua kwa nusu. Mtaji wake ulikuwa salama kabisa. Kilichopotea ni tegemeo lake la kila mwezi.

Je, angenunua hatifungani ya muda mrefu? Huenda ingemfaa, lakini hatari yake iko upande wa pili. Hebu tuseme mwenzake alinunua hatifungani ya Sh1 milioni yenye riba ya asilimia 12.5 ikiwa imesalia miaka 15 kuiva. Kisha riba ya sokoni ikapanda hadi asilimia 17, naye akapatwa na ugonjwa uliomlazimu kuiuza. Hakuna mnunuzi atakayempa Sh1 milioni kwa karatasi inayolipa asilimia 12.5 wakati mpya inalipa 17. Kwa hesabu ya kawaida ya soko, angepewa takriban Sh760,000. Angesubiri hadi iive, angelipwa fedha zake zote. Ila mgonjwa hasubiri.

Hapa ndipo mshauri mwema anapotambulikana. Wazee hao wawili walikopesha serikali ile ile. Mmoja aliumizwa na muda mfupi, mwingine na muda mrefu. Laiti wangeulizwa mapema ni fedha zipi za kula, zipi za dharura na zipi za miaka kumi ijayo, kila fungu lingewekwa mahali pake: kiasi cha miezi kadhaa ya matumizi palipo rahisi kutolewa, kiasi katika dhamana za muda mfupi, na kilichobaki katika hatifungani za kumlipa kwa miaka mingi.

KUMBUKUMBU YA 2008

Wakenya wengi bado wanaukumbuka mwaka wa 2008, serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa Sh5 kila moja. Zaidi ya watu 800,000 walituma maombi. Wapo waliouza mifugo na wapo waliokopa benki, wakitarajia kuuza hisa hizo kwa faida baada ya wiki chache na kulipa deni. Hisa zilianza kuuzwa sokoni Juni mwaka huo, zikapanda kwa muda mfupi, kisha zikateremka. Mapema 2009, msukosuko wa fedha ulioanzia Marekani ukiwa umeenea duniani, bei ilikuwa chini ya Sh3. Waliokopa walibaki na deni la benki na hisa zisizotosha kulilipa.

Mkulima aliyenunua kwa akiba yake mwenyewe na kuzisahau hisa hizo kabatini aliziona zikipita Sh40 mnamo 2021. Zikaporomoka tena hadi karibu Sh12 mwishoni mwa 2023, kisha zikapanda na kupita Sh25 katikati ya 2025.

Kampuni ni ile ile, na hisa ni zile zile. Kilichowatenganisha walionufaika na walioangamia ni fedha walizotumia na muda waliokuwa nao. Aliyekopa alilazimika kuuza wakati mbaya. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja. Mshauri aliyemwambia mteja wake mwaka wa 2008 kwamba Safaricom ni kampuni nzuri hakusema uongo. Kosa lake lilikuwa kutouliza fedha hizo zimetoka wapi na zinahitajika lini.

NANI ANAMLIPA MSHAURI?

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wengi wanaojiita washauri wa fedha hawalipwi na mteja. Hulipwa kamisheni na kampuni ya bima, hazina ya uwekezaji au muuzaji wa ploti. Hakuna dhambi katika kamisheni; dhambi ni kuificha. Mtu anayelipwa zaidi akiuza bidhaa moja kuliko nyingine ni muuzaji, na maneno yake yapimwe kama ya muuzaji.

Nyakati za wasiwasi ndizo msimu wa mavuno kwa watu wa aina hiyo. Riba ya dhamana za serikali inaposhuka, mstaafu aliyezoea asilimia 16 huanza kutafuta anayeweza kumrudishia kiwango hicho. Hapo ndipo hujitokeza mwenye kuahidi asilimia 20 au zaidi, bila hatari yoyote. Kila asilimia inayozidi ile ya serikali ni malipo ya hatari fulani. Ikiwa mshauri hawezi kuitaja hatari hiyo kwa lugha nyepesi, ama haijui au anaificha.

Sheria ipo. Washauri wa uwekezaji na madalali wa hisa wanatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo huchapisha orodha ya waliopewa. Mawakala wa bima wako chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Kuangalia jina katika orodha hizo ni kazi ya dakika chache kwa simu ya mkononi.

Hata hivyo, leseni pekee haitoshi. Mnamo 2007 na 2008, kampuni za udalali wa hisa za Francis Thuo na Nyaga, zote zenye leseni, zilisambaratika na kuwaacha wateja wakihangaika. Oktoba 2015, Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu muda mfupi tu baada ya kuuza hatifungani ya Sh2 bilioni iliyokuwa imeidhinishwa kisheria. Wakati huo bima ya amana ilimlinda mwenye akaunti hadi Sh100,000 pekee. Kiwango hicho kilipandishwa hadi Sh500,000 mwaka wa 2020, na mshauri anayemruhusu mjane kuweka Sh3 milioni katika benki moja ndogo bila kumweleza hilo amemkosea.

MASWALI MANNE

Kwa hivyo, mshauri anayestahili jina hilo huanza kwa maswali manne kabla ya kutaja bidhaa yoyote. Fedha hizi utazihitaji lini? Nani mwingine anazitegemea? Je, una deni linalokugharimu zaidi ya faida ninayoweza kukupatia? Na ukiamka kesho ukakuta robo ya mali hii haipo, utaweza kulala usiku unaofuata?

Mteja naye ana haki ya kuuliza yake. Unalipwa na nani kwa ushauri huu? Utakuwa umekosea iwapo nini kitatokea? Nikitaka fedha zangu mwezi ujao, nitapata ngapi? Tena majibu yaandikwe, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Washauri watasema kwamba mteja wa Kenya hapendi maswali. Anataka kuambiwa anunue nini leo. Ni kweli, na ushindani ni mkali. Asiyetabiri huonekana hajui, na mwenye kutabiri kwa sauti kubwa hupata wateja wengi. Lakini daktari hapimwi kwa kumpa mgonjwa dawa anayoitaka.

Mwaka wa 2027 nchi itaingia katika uchaguzi mkuu, na kama ilivyo desturi, uvumi kuhusu shilingi, riba na bei za ardhi utazidi kadiri siku inavyokaribia. Watakaosema dola itapaa watakuwepo, na watakaosema kinyume watakuwepo pia. Kundi moja litapatia, lakini leo hakuna ajuaye ni lipi. Mstaafu ambaye unga wa mwezi ujao hautegemei jibu la fumbo hilo ndiye aliyeshauriwa vyema.