TUSITUPE MIHOGO YA MAMA ZETU



Wengine kati yetu wanasema: « Mambo ya ADN ni ya laboratwari za Ulaya, sisi tuko na jembe tu. » Sisi hatukubali. Mambo hayo yanagusa sombe na bukari tunayokula kila siku.

Kila mutu anajua mozaiki, ule ugonjwa wa kukunja majani ya muhogo na kuyatia madoa ya manjano. Unatoka kwa virusi. Inzi weupe wadogo wanaueneza, na sisi pia tunaueneza tukipanda vijiti vyenye ugonjwa. Zamani, kwa kujua muhogo gani unashinda mozaiki, ilipaswa kuupanda fasi yenye ugonjwa na kungoja miezi mingi.

Leo kuna njia nyingine. Wataalamu wanatafuta ndani ya ADN alama inayokaa karibu na jeni inayopinga ugonjwa. Ni kama wanafunzi wawili wasioachana: ukiona mmoja, unajua mwenzake hayuko mbali. Jani changa linatosha. Ndivyo walivyofanya kule Kolombia: mozaiki ya Afrika haiko kule, macho hayana kitu cha kuona, lakini alama inaonyesha.

Sasa tuulize: jeni ile ilitoka wapi? Mwaka 2002 wataalamu walitangaza jeni yenye jina CMD2. Waliipata katika muhogo wa wakulima wa Nigeria, uliotunzwa shambani na watu wasiosoma habari za ADN. Kama wangaliutupa, laboratwari ingalitafuta nini?

Tena jeni moja haitoshi. Muhogo wenye CMD2 unaweza kushindwa na ugonjwa mwingine unaoozesha mizizi. Pengine nguvu ya kushinda ule iko katika muhogo tunaoucheka leo kwamba ni wa kizamani.

Basi tunaomba hivi: mbegu mpya zije, tuzipokee, lakini zisifukuze za zamani zote. Tukienda likizo, kila mmoja aulize mama na nyanya yake majina ya mihogo yao: gani ni chungu, gani ni tamu, gani inadumu udongoni, gani haikunji majani. Tusilete vijiti, maana vinaweza kubeba mozaiki. Tulete daftari, na mwalimu wa biolojia atusaidie kuyapanga.

Alama za ADN zinasoma muhogo ulio hai. Uliopotea, hakuna wa kuusoma.