Popo Wabaki Katika Nyumba Yao

Huko Marekani tangu mwaka 2006 kuna kuvu nyeupe inayoua popo walalao mapangoni wakati wa baridi. Huwaamsha mbele ya wakati, mafuta ya mwili yakaisha, wakafa kwa njaa. Mamilioni wamekufa. Kuvu hiyo haishiki watu.

Lakini iko kuvu nyingine, iotayo katika mavi ya popo, nayo hushika mapafu yetu. Mwaka 2011, ng'ambo ya Ruwenzori, katika Uganda, wanafunzi waliingia ndani ya mti wenye tundu, makao ya popo. Zaidi ya 10 waliugua. Walivuta vumbi tu.

Kikohozi chake hufanana na kifua kikuu, na wengine husema ni uchawi. Si uchawi. Mgonjwa aliyeingia pangoni amwambie munganga wazi, maana dawa yake si ile ya kifua kikuu.

Wengine wanataka kuchoma mapango. Mimi nakataa. Popo hula wadudu wengi usiku, nao hawakutufuata. Sisi tuliingia kwao. Mungu alipa kila kiumbe makao yake. Wazazi wa Mutwanga, wakatazeni watoto kuingia humo.